Fundi Aliyevunja Pula za Watu

Ukifika kwa Fundi ukasema unataka kuazima pula, hakupi. Kwanza anakuuliza unang'oa nini. Ukijibu "gia" tu, anarudi kuinamia kazi yake kana kwamba umeshaondoka. Ilibidi useme ni gia ya mashine gani, imekaa ndani kiasi gani kwenye shafti, nyuma yake kuna nafasi ya kuingiza kucha au hakuna, na kama kuna mtu ameshaipiga nyundo. Wengi walichoka hapo hapo wakaenda kuazima kwingine. Mimi duka langu la spea lilitazamana na banda lake hapa Rujewa, na niliyasikia maswali hayo miaka mingi mpaka nikawa nawauliza wateja wangu bila kujijua.

Pula ni kifaa cha kung'olea gia au beringi iliyokaza kwenye shafti. Ina miguu miwili au mitatu yenye kucha, na bolti ndefu katikati. Kucha zinaikamata gia kwa nyuma, ncha ya bolti inakaa kwenye kichwa cha shafti, kisha unazungusha bolti kwa spana na gia inatoka taratibu. Kwa maneno ni kazi nyepesi. Lakini msimu wa mpunga ukianza huku Usangu, pampu za maji na pawatila za kulimia zinaharibika zote kwa pamoja, kila mkulima anataka yake itoke leo, na mafundi wanang'oa kwa chochote kilicho karibu. Fundi alikuwa hakimbizwi. Mtu angemsimamia akilalamika kwamba majaruba yake ya mpunga yanakauka, naye angeendelea kuipaka grisi bolti ya pula.

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi walikuwa wengi pale mtaani, ila ukitaja Fundi bila kuongeza neno, kila mtu alijua unamsema nani. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye shingo iliyokaa mbele kidogo kwa sababu ya kuinamia injini. Alitokea Nyololo, kule Mufindi kwenye ukungu, na hakuwahi kukubali kwamba Rujewa ni mahali pa joto. Alivaa koti la kazi mwaka mzima. Ukimwambia avue, alijibu kwamba koti linazuia joto lisiingie, na jasho linamtiririka huku anasema. Kwa kuwa mimi ni mzaliwa wa Iringa, asubuhi alivuka barabara kuja kunisalimia, "Kamwene, dada," tukazungumza Kihehe kidogo kabla wateja hawajafika. Chake kilikuwa na Kibena ndani yake, changu kilikuwa kimeshaharibiwa na Kiswahili, na kila mmoja alimcheka mwenzake.

Alikuwa mtu wa kinyume na yeye mwenyewe. Mashine za watu alizitengeneza mpaka sauti ikamridhisha, wakati baiskeli yake ilikuwa haina breki na alisimama kwa kuburuza kiatu. Jumapili hakushika spana, alikuwa Mlutheri wa kweli kwa jambo hilo, lakini ibada ikiisha alipitia kwenye mashine za kukoboa, akasimama nje ya ukuta akisikiliza injini, na Jumatatu anamfuata mwenye mashine kumwambia beringi yake inakaribia kufa. Wateja aliwafokea. Kumfokea binti yake hakuweza hata kidogo.

Binti huyo ni Sekela. Mama yake, Mnyakyusa wa Tukuyu, alifariki Sekela akiwa bado shule ya msingi, na Fundi hakuoa tena. Sekela alikulia bandani. Alipomaliza shule akaenda chuo cha ufundi Mbeya, akarudi, akawa anafanya kazi na baba yake kama fundi kamili. Mwanzoni wanaume walileta pampu, wakimwona yeye peke yake wanasema watarudi mzee akiwepo. Baadaye wakawa wanakuja wanauliza Sekela yuko wapi. Fundi hakuwahi kumsifu mbele yake. Kwangu alisema siku moja, akiwa ameegemea meza ya duka:

"Yule mtoto anasikia."

"Anasikia nini?"

"Anasikia bolti kabla haijakatika. Mimi nilichelewa sana kukijua kitu hicho."

Mzigo wangu wa spea ulipofika kutoka Mbeya, Fundi alikuja kabla sijafungua maboksi. Alivuta kreti akakaa, akaomba pula. Alizitoa moja moja. Kwanza aliizungusha bolti ya katikati kwa vidole vitupu, mwanzo mpaka mwisho, na ikikwama popote aliiweka pembeni. Kisha aliutikisa kila mguu pale ulipofungwa kuona kama unacheza. Mwisho aliuinua kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba ubavuni, akitafuta ule mstari mwembamba unaobaki chuma kinapomiminwa kwenye umbo. Chuma cha kumimina, alisema, hakipindi kukuonya. Kinakatika tu. Mguu wa pula uwe wa chuma kilichofuliwa.

Alitenga mafungu mawili. "Hizi uza. Hizi rudisha."

"Fundi, zikishatoka kwao hazirudi."

"Basi weka mlangoni, zizuie upepo."

"Wateja wanataka za bei nafuu."

"Nafuu yake ni ipi, mguu ukishakatika?"

Tulibishana hivyo kila mzigo ulipoingia. Mwisho nikawa naagiza chache, zile anazozikubali, nazo zilikaa sana rafuni. Yeye mwenyewe alikuwa nazo za kila namna zikining'inia ukutani bandani. Ya miguu miwili kwa mahali pasipo na nafasi. Ya bolti ndogo, kwa flaiwili, yale magurudumu mazito ya injini, zenye matundu ya nyuzi, ambazo ukizikamata kwa kucha ukingoni unazipasua. Na moja kubwa ya miguu mitatu, ambayo aliiamini kuliko zote, kwa sababu miguu mitatu inagawana nguvu na gia inatoka bila kwenda upande. Hata ukiwa na hiyo, alisema, funika na gunia kabla hujakaza, ili kitu kikiruka kiishie kwenye gunia.

Kwa hiyo lililotokea lilitokea kwenye nyumba ya mtu aliyekuwa anajua. Ndiyo maana halikumwacha.

Ilikuwa katikati ya msimu. Fundi alipata msiba kwao Nyololo, akaenda kuzika. Aliondoka na ile pula ya miguu mitatu, kwa sababu binamu yake mwenye mashine ya kupasulia mbao alikuwa ameomba, mazishi yakiisha, amsaidie gia iliyokwama. Sekela akabaki na banda. Kesho yake mkulima mmoja akaleta pawatila, gia imeng'ang'ania. Zamu yake ya maji ya mfereji ilikuwa inaisha siku ile ile, vibarua wamesimama shambani, na ikipita hapo hana uhakika wa kulima tena msimu ule. Mtu mzima yule alikuwa anakaribia kulia.

Sekela alivuka akaja dukani kwangu, kwa sababu simu yake ilikuwa inachajiwa pale. Akampigia baba yake, akaweka spika huku akijifuta mikono.

"Baba, ile ya miguu mitatu unayo wewe?"

"Ninayo huku. Nini?"

Akamweleza. Nyuma ya sauti ya Fundi watu walikuwa wanaimba wimbo wa mazishi. Fundi akasema, kwa sauti ya mtu ambaye hajalala:

"Azima kwa jirani. Funika na gunia. Mmalizie aende."

Sijawahi kumsikia akimwambia mtu mwingine yeyote aazime bila kwanza kuiona pula yenyewe. Nilishangaa hata wakati ule, nikadhani ni uchovu.

Sekela akaazima ya miguu miwili kwenye banda la pili. Duka langu halikuwa na yenye upana wa kutosha, nilitafuta. Akafunga, akafunika na gunia, akaanza kukaza. Nilikuwa nampimia mteja mpira wa mafuta. Nikasikia mlio kama jiwe limepiga bati, halafu yule mkulima akisema "mama yangu, mama yangu," taratibu, anarudia. Sekela alikuwa ameinua pembe ya gunia kutazama kama gia inatoka. Nilipofika amekaa chini, mkono umefunika upande wa kushoto wa uso, na damu inapita katikati ya vidole. Hakulia. Aliniambia, "Shangazi, usimpigie baba sasa hivi, yuko msibani."

Tulimpeleka Mbeya kwa gari la mwenye mashine ya mpunga. Jicho halikuokolewa.

Nilimpigia Fundi usiku ule, akafika hospitali siku iliyofuata. Alikuja mpaka mlango wa wodi akasimama hapo, kofia mkononi. Nikamwambia aingie, binti yake yuko macho. Akaniuliza, "Mguu ulikatikia wapi? Kwenye kucha au kwenye tundu la pini?"

Niliudhika. Nikaingia ndani nikamwacha. Nilipotoka alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mikono katikati ya magoti, na hakuinuka mpaka saa ya kuona wagonjwa ilipoisha. Ndivyo alivyofanya siku zote Sekela alipokuwa amelazwa. Alileta uji, alileta nguo safi, aliwapa manesi wapeleke.

Sekela aliporuhusiwa hakurudi Rujewa. Alikwenda Iringa kwa shangazi yake, dada wa Fundi, kupumzika, na kupumzika kukageuka kuwa kuhamia. Ilimchukua muda kujua upya kitu kiko umbali gani kwa jicho moja. Chai aliimwaga nje ya kikombe, uzi haukuingia kwenye sindano. Akaanza kutengeneza vyerehani, kazi ya kukaa na kuinamia karibu, akafungua kibanda Kihesa. Habari zake nilizipata kwa simu. Fundi hakuwa anampigia. Alinisubiri nimalize kuongea, kisha anauliza, "Anakula?"

Ndipo akaanza kuvunja.

La kwanza sikuliona, nilihadithiwa. Aliingia kwenye banda la fundi mmoja, akaomba kuona pula yake, akaibana kwenye jiliwa na kuipiga nyundo mguuni. Ukakatika. Akamwambia mwenye mali, "Umeona," akatoka. Baada ya hapo ikawa kila wiki. Aliingia kwa mafundi wa pikipiki, kwa wale wa pampu kule karibu na mifereji, akapanda hata magari ya kwenda Igawa na Chimala. Pula iliyohimili nyundo yake aliifuta, akairudisha kwa heshima na kuomba radhi. Isiyohimili aliiacha vipande vipande mezani. Watu wakamwona ameingiwa na wazimu. Vijana wakawa wanaficha vifaa wakimwona anakuja.

Akapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nilikwenda kama jirani. Mafundi walikuwa wamejaa pale, wengine wamekasirika kweli, kwa sababu fundi uliyemvunjia kifaa katikati ya msimu umemvunjia mkono.

Mwenyekiti akasema, "Mzee wetu, tunakuheshimu. Tueleze, kwa nini unaharibu mali za watu?"

Fundi akasimama. "Bora nizivunje mimi, zikiwa hazijashika kitu."

"Lakini si zako."

"Si zangu. Nimekosa."

"Utaacha?"

Alifikiri kweli, kama anayetafuta jibu la haki. "Siwezi kukudanganya, mwenyekiti."

Ilivyoamuliwa ni kwamba kila aliyevunjiwa apewe nyingine. Fundi hakubisha. Alikwenda bandani kwake akaanza kuzishusha zile za ukutani, akazigawa. Ya bolti ndogo ilikwenda, ya miguu miwili ikaenda, na kila aliyepewa alipewa pamoja na maelezo ya namna ya kuitumia, akitaka asitake. Ile ya miguu mitatu alimpa mwenye banda la pili, yule aliyemwazima Sekela. Mtu yule aliipokea akiwa anatazama chini. Kwa hiyo likawepo jambo la ajabu pale Rujewa, fundi mkubwa kuliko wote hana hata pula moja, na mafundi aliowavunjia wana nzuri. Kazi ya kung'oa gia ikija, aliwaelekeza kwao. Alibaki na kusafisha kabureta na kubadili waya za kuwashia.

Hata hizo zikaanza kumshinda. Nilimwona ananyoosha mkono kuchukua spana na kuishika meza. Alipovuka barabara kuja kunisalimia, pikipiki ikampigia honi ubavuni naye hakuwa ameiona kabisa. Alinipa bolti nimsomee namba. Nilimwambia aende akapime, akasema ni vumbi la mpunga. Siku alipojikwaa kwenye kizingiti chake mwenyewe na kupasuka paji la uso, nilimpigia Sekela bila kumwomba ruhusa. Sekela akaja na basi la asubuhi, akafunga vitu, akamchukua. Fundi alinishika mkono muda mrefu. Banda lile sasa wanauza simu.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa Iringa. Nilikwenda kumwona mama yangu, nikapita Kihesa. Sekela alikuwa na kitambaa kichwani kilichofungwa kikashuka kidogo upande wa kushoto, na vyerehani vimepangwa mpaka nje. Alinipokea kwa furaha, akanipeleka jikoni kama anayetaka kunionyesha kitu.

"Shangazi, ongea naye. Kliniki wamesema ni presha ya macho. Amepoteza pembeni kote, anaona kwa katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Wanasema kuna dawa ya matone, pengine na upasuaji, ili hicho kilichobaki kisiende. Anakataa. Alikwenda mara moja, harudi."

"Anasemaje?"

"Anasema anaona kiasi kinachomtosha."

Nilimkuta sebuleni amekaa wima, uso ameuelekeza dirishani. Tulisalimiana Kihehe, akauliza habari za kila banda la Rujewa. Nikaingiza habari ya kliniki. Akaniambia yale yale, kwa upole, kama ananikatalia sukari kwenye chai.

"Dada, kila mtu ana kiasi chake. Mimi changu ndicho hiki."

Sekela alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Aliliweka chini sakafuni, si mezani.

"Baba, ukipofuka jicho langu litarudi?"

Fundi aliendelea kutazama dirishani.

"Nakuuliza."

"Halitarudi."

"Uliniambia niazime. Na mimi nilikuwa na akili yangu. Niliuona ule mstari kwenye mguu kabla sijaufunga, baba. Niliuona kabisa. Nikasema moyoni, utahimili mara moja, huyu baba wa watu apate maji yake. Hilo ni langu. Wewe umelichukua, ukalifanya lako peke yako, na tangu siku ile hujawahi kuniangalia usoni. Nakupa chakula, unatazama bega langu. Nakuvusha barabara, unatazama viatu. Nimepoteza jicho, na wewe ukaniongezea kupoteza baba."

Sauti yake haikupanda. Alimaliza, akachukua sinia, akamimina chai vikombe vitatu bila kumwaga, akatoka nje kwenye vyerehani vyake. Fundi alikaa pale na kikombe kikapoa. Nilitaka kuondoka, nikaona nitamwacha peke yake na maneno yale. Baadaye sana akaniuliza, "Kesho kliniki wanafungua saa ngapi?"

Tulikwenda wote watatu asubuhi. Daktari, mama mmoja mtaratibu, alimpima kwa muda mrefu. Alitueleza kwamba jicho la kulia limeshakufa. La kushoto bado lina sehemu ndogo katikati, na kwa dawa wanaweza kujaribu kuizuia isiende, lakini asitegemee, kwa sababu wamechelewa sana. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Fundi alishukuru. Aliuliza kama jicho hilo litaiona Krismasi. Daktari akasema pengine litaiona, pengine halitaiona.

Nje ya geti Sekela alisimamisha bajaji. Fundi hakupanda. Alisimama na kuita, "Sekela," ingawa binti yake alikuwa ubavuni mwake kabisa. Akanyoosha mikono, akampata mabegani, akamgeuza.

"Simama hapa. Rudi nyuma kidogo. Kidogo tu."

Alikuwa anasogeza kichwa, kushoto, kulia, juu, kama anayetafuta kitu kupitia tundu la ukuta. Kisha akatulia. Amempata. Sekela akakipandisha kile kitambaa juu kwa mkono wake mwenyewe, akabaki ameshikilia hivyo, uso wote wazi kwenye jua la asubuhi.

Fundi akatazama. Akasema, "Kumbe kovu ni kubwa hivi."

"Lilikuwa kubwa zaidi, baba. Limepungua."

Dereva wa bajaji akauliza kama tunaondoka au vipi. Sekela, bila kugeuza kichwa, akamwambia asubiri.